Tereni ya golfu ya watu wote



Siku ya mashindano ya mupira ku mwisho wa muhula, vijana wawili wa kalasi ya ine walibishana mbele yangu chini ya mwembe. Moja alisema: golfu hapana muchezo, ni matembezi ya wakubwa wenye tumbo. Mwenzake akakataa. Alisema aliona mu televizyo mutu mweusi, Tiger Woods, anashinda wazungu wote, na tumbo hana. Wakanigeukia: "Mwalimu, ile golfu wanachezaka namna gani? Na mutoto wa fundi, ao mutoto wa mama anayeuza ndizi, anaweza kuingia kule?" Nilianza kujibu, kengele ikalia, kila mutu akashika njia yake. Deni lile ninalilipa leo mu gazeti letu.

Wale wanaotoka Lubumbashi wanajua kartie Golf. Watu wengi wanashuka pale ku bisi kila siku, wanalala pale, wanazaa watoto pale, na hawajashika hata fimbo moja ya golfu. Kwao golfu ni anwani tu. Njo maana sikutaka kueleza muchezo huu kwa kuwatembeza mu kilabu cha matajiri. Nimechagua tereni moja ya watu wa kawaida, mbali na sisi, mu Washington, muji mukuu wa Marekani. Jina lake ni Langston. Tereni hii inajibu maulizo yote mawili ya wale vijana: namna ya kucheza, na nani anaweza kuingia. Ile ya pili ilichukua miaka mingi kupata jibu.

BEI YA KUINGIA

Kuko aina mbili za tereni. Ya kwanza ni ya kilabu. Ili uingie, sherti watu wa ndani wakukubali, ulipe feza ya kuingia, kisha ulipe tena kila mwaka. Mu Marekani kuko vilabu ambavyo feza ya kuingia peke yake inapita dola 100,000. Aina ya pili ni tereni ya watu wote. Ni mali ya muji, ya jimbo ao ya serikali, sawa vile barabara na parki. Pale hakuna anayekuuliza baba yako ni nani. Unafika ku dirisha, unalipa bei ya siku ile, wanakupa karatasi ya kuandikia hesabu, unacheza, unarudi kwenu.

Langston ni ya aina hii ya pili. Udongo ni wa serikali ya Marekani, chini ya ofisi ya parki za taifa. Iko upande wa kaskazini-mashariki ya muji, karibu na mto Anacostia, na sehemu yake inafwata maji ya ziwa dogo la Kingman. Watu wa mitaa ya karibu wanakuja pale kisha kazi: wazee wa pensio, wafanyakazi wa ofisi, vijana wa masomo.

Lakini tusidanganyane. Ninaposema "bei rahisi", ni rahisi ya kule, hapana rahisi ya kwetu. Mutu analipa makumi ya dola, na kwa feza ile mama wa hapa anaweza kulisha nyumba siku nyingi. Lakini hata mufanyakazi wa kule anahesabu feza yake, na kuko njia za kupunguza bei ambazo wachezaji wote wa tereni za watu wote wanazijua. Siku za kazi bei ni chini kuliko Siku ya Posho na Siku ya Yenga. Mangaribi, wakati jua linaanza kushuka, bei inashuka nayo. Wazee na vijana wanapunguziwa. Asiye na nguvu ya kulipa mzunguko muzima anaweza kulipa nusu. Asiye na fimbo anakodisha, ao anatafuta za mitumba, na zile zinapiga vizuri sawa na mpya. Na kitu cha mwisho, ambacho mimi ningefanya bila kuulizwa: kutembea kwa miguu. Wengi wanakodisha kagari kadogo ka kuwapeleka toka tundu mpaka tundu. Kanakula feza, na kanakunyima faida ya muchezo, sababu mzunguko muzima kwa miguu unafika kilometa 8 ao zaidi.

NAMNA YA KUCHEZA

Sasa tuingie. Mzunguko moja una matundu 18. Mutu asifikiri tundu ni shimo tu. "Tundu" ni safari nzima: kuko mahali pa kuanzia, kuko njia ndefu ya majani iliyokatwa, pembeni majani marefu na miti, na ku mwisho kuko uwanja mudogo wa majani mafupi sana, laini kama mukeka, wanauita grini. Mu grini njo kuko tundu lenyewe, upana wake milimeta 108, kidogo kupita kopo la maziwa ya unga. Bendera imesimama ndani ili uione toka mbali. Safari fupi ina metre 100 na kitu, ndefu inapita metre 450.

Kazi yako ni moja: kutoa kampira kako ku mwanzo na kukaingiza mu tundu kwa mapigo machache. Njo yote. Hakuna mutu anayekimbilia kampira kako, hakuna anayekupokonya. Adui ni udongo, upepo, maji na wewe mwenyewe.

Kampira ni kadogo na kagumu, uzito wake haupite gramu 46. Fimbo zako haziruhusiwe kupita 14. Kuko ndefu zenye kichwa kikubwa za kupiga mbali. Kuko za chuma za katikati. Kuko moja isiyoinua kampira, ya kusukuma tu mu grini. Vichwa vya zile za chuma vimelazwa nyuma kidogo kidogo, kila kimoja kwa kipimo chake. Kinacholala sana kinarusha kampira juu na karibu, kinachosimama kinakatuma chini na mbali. Sikiliza vizuri hapa, sababu ni kosa la kila mugeni: anajaribu kuinua kampira kwa mikono, sawa mutu anayechota mchanga na kijiko. Hapana. Fimbo imetengenezwa kuinua, kazi yako ni kupiga tu. Kosa la pili ni kuinua kichwa. Mutu anataka kuona kampira kanaenda wapi mbele hakajaenda. Fimbo inapiga hewa, ao inachimba udongo kama jembe, na wenzake wanaangalia mawingu ili wasicheke.

Kupiga hewa ni pigo. Unaliandika.

Watu wanacheza pamoja wawili, watatu ao wane. Ku mwanzo wa kila tundu unaruhusiwa kuweka kampira juu ya kijiti kidogo ulichochoma mu udongo. Hapa nitakaa kidogo, juu kijiti hiki kina habari yake. Zamani, mbele ya kupiga, wachezaji walikuwa wanafinyanga kilima kidogo cha mchanga wenye maji na kuweka kampira juu. Mikono ilichafuka kila mara. Mu Boston kulikuwa dokteri wa meno, mutu mweusi, George Grant, aliyemaliza masomo yake ku Harvard mu 1870. Alipenda golfu na alichoka na mchanga. Tarehe 12 Desemba 1899 serikali ya Marekani ikampa hati ya kuonyesha kwamba alivumbua kijiti cha muti cha kuwekea kampira. Hakutajirika nacho, alikuwa anawagawia rafiki zake. Wengine walikuja nyuma yake, wakauza vijiti vyao, wakapata sifa. Leo kila mutu anayecheza golfu duniani anachoma kijiti mu udongo, na wengi hawajui Grant ni nani.

Kisha mapigo ya kwanza, yule ambaye kampira kake kako mbali zaidi na bendera njo anatangulia. Wakati mwenzako anapiga, unasimama na kunyamaza. Kama fimbo yako imengoa majani, unayarudisha na kuyakanyaga. Kama uliingia mu shimo la mchanga, unatoka na kusawazisha alama za miguu yako ili anayekuja nyuma asiteswe na visigino vyako. Kama kampira kamepotea mu majani, una dakika 3 za kukatafuta. Mpaka 2018 zilikuwa 5, lakini watu walikuwa wanachelewesha wengine. Dakika zikiisha, unarudi pale ulipopigia, unapiga kampira kengine, na unaongeza pigo moja la malipizi.

Kila tundu lina hesabu yake ya muchezaji hodari: 3, 4 ao 5, kufwata urefu. Ku Langston ukijumlisha matundu yote 18 unapata 72. Mutu anayecheza mara moja kwa juma asishangae akiandika 95 ao 105. Kupita 100 haiko haya.

Na sasa neno ambalo mimi naona ni kubwa mu muchezo huu. Mu mupira wa miguu kuko muamuzi na firimbi. Ku golfu ya kila siku hakuna. Wewe mwenyewe unahesabu mapigo yako, wewe mwenyewe unaandika. Kama kampira kalitikisika mu majani wakati uliweka fimbo nyuma yake, na miti peke yake njo iliona, wewe njo unajisemea kosa. Mu 1925, mu mashindano makubwa ya Marekani, Bobby Jones alisema kwamba kampira kake kalisogea. Waamuzi walimuuliza, watu wa karibu hawakuona kitu. Yeye akabakia na neno lake, akaongezewa pigo. Ku mwisho alikuwa sawa na mwingine, wakarudilia muchezo kesho yake, akashindwa kwa pigo moja. Kalasi yetu ya hesabu ifikiri: bila lile pigo, angeshinda siku ya kwanza.

Kitu kingine kizuri: mutu zaifu na mutu hodari wanaweza kushindana kweli. Kila muchezaji anapewa hesabu ya kumusaidia, kufwata namna anavyochezaka kwa kawaida. Tuseme tereni ni ya 72. Petro anamalizaka kwa 90, basi anasaidiwa mapigo 18. Yoane anamalizaka kwa 75, anasaidiwa 3. Leo Petro amepiga 91, Yoane 77. Toa msaada: Petro 73, Yoane 74. Petro ameshinda. Baba na mutoto, mukubwa wa kazi na karani wake, wanaweza kucheza siku nzima pasipo moja kumuachia mwingine kwa huruma. (Hesabu ya kweli ina mambo mengine ndani, lakini njia ni hii.)

NANI ANAWEZA KUINGIA

Nilisema mulango wa Langston uko wazi. Haukufunguka peke yake.

Kisha vita ya kwanza ya dunia, muji wa Washington ulikuwa na tereni za serikali, na watu weusi walikuwa wanalipa kodi sawa na wengine. Lakini kucheza walikatazwa, ao waliachiwa saa chache tu kwa juma. Mu 1924 wakapewa tereni yao ndogo ya matundu 9, karibu na jumba la kumbukumbu la Lincoln. Yaani mbele ya sanamu ya yule aliyetia mukono ku tangazo la uhuru wa watumwa, watu walitengwa kwa rangi mpaka mu kucheza. Mimi nikisoma habari hii ninarudilia sentensi mara mbili.

Wanaume weusi waliopenda golfu walikuwa na chama chao, Royal Golf Club. Wake zao walikuwa wanabakia nyumbani kila mwisho wa juma. Mu 1937 wanawake 13 walikutana mu nyumba ya mwalimu moja, mama Helen Webb Harris, wakaunda chama chao wenyewe. Wakakiita Wake Robin, jina la maua ya porini. Kulikuwa wanaume waliocheka. Wanawake weusi na golfu! Watu wa tereni za muji walikuwa wanawazuia juu ya rangi, na kati ya ndugu zao kulikuwa wanaowazarau juu ya kuwa wanawake. Mabinti wa shule yetu wanaonyimwaka mupira saa ya michezo watafahamu hali ile bila maelezo.

Mu 1938 wanawake hawa, pamoja na Royal Golf Club, wakaandikia waziri Harold Ickes. Yeye njo alikuwa mukubwa wa wizara iliyochunga parki. Barua yao haikuomba uwanja wa pembeni. Iliomba kwamba tereni zote za serikali mu muji zifunguliwe kwa watu wote. Ickes alikuwa mutu wa pekee. Zamani, mu Chicago, yeye muzungu aliongoza tawi la chama cha kutetea haki za watu weusi. Mu 1939, Siku ya Pasaka, ni yeye aliyeruhusu mwimbaji mweusi Marian Anderson kuimba ku ngazi za jumba la Lincoln, baada ya kunyimwa chumba kikubwa cha nyimbo mu muji ule ule. Lakini hata yeye hakufungua milango yote siku moja. Walichopewa kwanza ni tereni mpya, yao peke yao. Langston ikafunguliwa mu Juni 1939, na matundu 9.

Ilijengwa na wafanyakazi wa mipango ya serikali ya kusaidia waliokosa kazi. Na mahali palikuwa namna gani? Karibu na jalala la zamani na mufereji wa maji machafu. Tereni za watu wengine zilikuwa na matundu 18 na majani mazuri.

Hapa njo kuna swali ambalo ningependa mulijadili mu interna jioni. Mutu ameomba kuingia nyumbani, amepewa kibanda nyuma ya nyumba. Akubali ao akatae? Akikubali, watasema: muna yenu, sasa munataka nini tena? Akikataa, watoto wake watazeeka bila kushika fimbo. Wanawake wa Wake Robin na wenzao walikubali, na hawakunyamaza. Walicheza ku Langston, na waliendelea kudai zingine. Kwa mawazo yangu walifanya vizuri, lakini ninajua wenye akili walioona tofauti.

Tarehe 29 Juni 1941 wanaume watatu weusi, Asa Williams, George Williams na Cecil Shamwell, walienda ku tereni ya East Potomac, ya serikali, wakalipa, wakaanza kucheza. Walinzi wa parki walifuatana nao, na kundi la wazungu likawafwata na matusi. Watatu wale walicheza. Jaribuni kufikiri: nimesema sasa hivi kwamba mu muchezo huu watu wananyamaza mwenzao akipiga. Wao walipiga kampira kati ya makelele ya watu waliowachukia. Watu walimulalamikia Ickes, lakini hakurudi nyuma. Kwake hoja ilikuwa nyepesi: ni wananchi, wanalipa kodi, tereni ni ya serikali. Mwaka ule ule 1941 akaamuru tereni za serikali mu Washington zifunguliwe. Kutukanwa hakukuisha siku ile, na wengi walipenda kubakia Langston ambapo hakuna aliyewasumbua. Lakini amri ilikuwa imetoka, miaka 13 mbele ya hukumu kubwa ya 1954 iliyokataza kutenga watoto mu masomo.

Langston iliongezwa mpaka matundu 18 mu 1955. Mu 1991 ikaandikwa mu orodha ya taifa ya mahali pa historia. Sijui jalala lingine lililofika pale.

Wakati ule, golfu ya kulipwa ilikuwa bado imefungwa. Chama cha wachezaji wa kazi cha Marekani kiliweka mu sheria zake mu 1934 kwamba kinapokea wazungu tu. Maneno yale yaliondolewa mu 1961. Kwa hiyo mutu mweusi hodari alikuwa na tereni kama Langston na mashindano ya watu weusi peke yao, ambayo zawadi zake zilikuwa ndogo. Moja wao ni Lee Elder. Alizaliwa Texas mu 1934, akapoteza wazazi angali mutoto, akajifunza golfu kwa kubeba mifuko ya wengine. Mu 1971 alishinda mashindano ya Nigeria. Mwaka ule ule alialikwa na Gary Player kucheza mu Afrika ya Kusini, wakati wa ubaguzi, na alikubali kwa sherti kwamba watazamaji wasitengwe kwa rangi. Mu 1975 akawa mutu mweusi wa kwanza kucheza mu mashindano ya Masters, kule Augusta. Na mu 1978, mutu huyu ambaye angeweza kujikalia mu vilabu vizuri, alichukua kazi ya kuongoza Langston, tereni ya mwisho wa juma ya mafundi na makarani. Mu 1997, Tiger Woods aliposhinda Masters na kuwaacha wote kwa mapigo 12, Elder alikuwa pale anaangalia. Alikufa mu Novemba 2021.

JINA

Moja anaweza kuuliza: Langston ni nani? John Mercer Langston alizaliwa Virginia mu 1829. Mama yake alikuwa mutumwa aliyepewa uhuru, baba yake muzungu mwenye mashamba. Alisoma Oberlin, chuo kilichopokea weusi na wazungu, wanaume na wanawake, wakati karibu vyote vilikataa. Mu 1854 akawa muanasheria. Baadaye aliongoza masomo ya sheria ku Howard, akatumwa Haiti kama mujumbe wa serikali. Mu 1888 aligombea kiti cha bunge mu Virginia, wakasema ameshindwa. Alipinga hesabu ya kura kwa miezi mingi, na bunge likampa haki yake mu Septemba 1890. Alikaa miezi michache tu, muhula ukaisha mu Machi 1891. Hakuwa muchezaji wa golfu. Walimupa tereni sababu ya ile subira, nafikiri. Mimi ningempa hata mbili.

KWETU

Basi, kijana wa kwanza, golfu ni muchezo: jaribu kutembea kilometa 8 na mufuko mu bega, kisha upige kampira ka gramu 46 mu tundu la milimeta 108, halafu unieleze juu ya tumbo. Kijana wa pili, mutoto wa fundi anaingia, pale ambapo mulango ni wa watu wote. Hapa karibu na sisi sijaona tereni ya namna ile.

Nilipokuwa mutoto tulikuwa tunaokota kampira zilizoruka ukuta wa tereni moja, jina lake nisilitaje, na mulinzi alikuwa anatufukuza na mbwa. Tulikata muti wa mpera wenye muzizi uliopindika, tukapata fimbo. Tukazika makopo ya tumati mu uwanja wa nyuma ya kanisa, matano, kila moja na kijiti na kitambaa. Mutu alihesabu mapigo yake kwa sauti ili wote wasikie. Dada yangu alitushinda kila Siku ya Posho, na hakuna aliyeweza kumuambia kwamba alidanganya, juu alihesabu hata zile za hewa.

Prefe ametukubalia kona ya uwanja iliyo pembeni ya mihogo, pale ambapo timu ya mupira haifikake. Makopo tisa yanatafutwa, yaliyooshwa, tafazali. Wanaotaka kuchimba waje na jembe Siku ya Posho saa tisa, wavulana na mabinti. Fimbo kila mutu ajitafutie.